Kumrudisha Kogo kwa Springi za Lori

Mmeniuliza sana, hata kwa grupu, ilikuwaje tukatoka Ainabkoi asubuhi kuenda kumchukua nyanya yangu Kesses, mahali mtu wa bodaboda anaenda na kurudi kabla ya chai, na sisi tukarudi siku zimepita tukiwa na kwaya. Naandika mara moja, kila mtu asome, halafu mniache.

Kwanza mjue shida yenyewe. Kogo ni nyanya yangu, mama ya baba. Tunaishi mimi na yeye tu kwa ile nyumba ya mabati juu ya mteremko. Alianguka kwa zizi akavunjika nyonga, akafanyiwa operesheni Eldoret, halafu akapelekwa Kesses kwa Senge Rael, shangazi yangu, apone akiwa karibu na hospitali. Akapona. Sasa Senge akaanza kusema Kogo asirudi tena, abaki kwake, ng'ombe ziuzwe, nyumba ifungwe. Kogo akakataa katakata. Walibishana mpaka wakakubaliana hivi: Kogo akifika Ainabkoi bila kuumia njiani, anakaa kwake. Akiumia, hata kidogo, anarudishwa Kesses na maneno inaisha. Daktari naye alikuwa amesema kitu moja tu: huyu mama asirushwerushwe.

Na gari yenye inaweza kupanda kwetu mvua ikinyesha ni moja. Ni pikapu ya marehemu babu.

Hiyo pikapu ni ya zamani kuliko ndoa ya wazazi wangu. Ilikuwaga ya samawati, saa hii ni rangi ya kutu. Mlango wa abiria unafungwa na mpira wa tube. Springi za nyuma, yale majani ya chuma yanalaliana chini ya bodi, zilikuwa zimechoka mpaka zimenyooka kama rula. Bushi, zile raba za kwa viungo vya springi, zimelika, shoku zinavuja mafuta. Kwa hivyo mpango ulikuwa tupitie Eldoret tubadilishe springi, bushi na shoku, tuende Kesses, tumbebe Kogo polepole, turudi. Mpango mzuri kabisa. Shida ni kwamba dereva alikuwa Anko Kibet.

Anko Kibet ni ndugu mdogo wa baba. Ni mtu mzuri sana akiwa amelala.

Ainabkoi mpaka Kaptagat

Tulipitia Kaptagat kwa sababu Anko alisema barabara ya huko inaheshimu gari. Sijui alimaanisha nini. Kila shimo gari ilikuwa inalia kwe, kwe, kwe, na Anko anaongeza redio ndio asisikie. Hiyo ndiyo dawa yake ya kila ugonjwa.

Kwa kilima cha kwanza tukapitwa na wanariadha. Sio mmoja, ni kundi mzima, na tights zao na saa kubwa kubwa za mkono. Tulikuwa gia ya kwanza. Msichana mmoja akakuja kando ya dirisha akikimbia, hata hahemi, anaongea kama mtu ameketi.

"Mzee, gari yako inalia huku nyuma, upande wa kushoto."

"Hiyo ni sauti yake," Anko akamjibu. "Imezaliwa nayo."

"Basi ilizaliwa mgonjwa."

Akaongeza mwendo akatuacha. Nawaambia, tuliachwa na mtu wa miguu. Kupanda mlima. Nikazama kwa kiti nisionekane.

Hatujafika Kaptagat sentaa, tukasikia paa! kama bunduki. Gari ikainama upande mmoja. Anko akashuka, akapiga tairi teke, akaona iko sawa, akakasirika kana kwamba tairi ndiyo imemdanganya. Mimi niliinama chini nikaona. Jani kubwa la springi ya kushoto lilikuwa limekatika vipande viwili, na ile kutu ndani ya mpasuko inaonyesha lilianza kukatika kitambo.

"Anko, springi imekatika."

"Wewe umejuaje?"

"Iko mbili."

Mkitaka kujua wanaume wa nchi hii, simamisheni gari mbaya kando ya kibanda cha chai. Walitokea kama siafu. Wa kwanza akasema ni petroli imeisha. Wa pili akasema ni betri. Betri! Chuma imelala chini mbele ya macho yake, imekatika kama muwa, na yeye anaongea betri. Wa tatu alikuja na kikombe yake akaegemea bodi, gari ikashuka zaidi. Mvua ikaanza. Tukaingia kibandani tukakunywa chai na mandazi yenye ingefaa kuwekwa hapo chini badala ya springi.

Mwenye alitusaidia ni mzee anapasua kuni hapo nyuma, anaitwa Tarus. Alichonga kipande cha mti mgumu, tukainua gari na jeki, akakipigilia katikati ya ekseli na chesisi na kukifunga na mipira ya tube mpaka kikakaza. Sasa gari haikuwa na springi upande huo, ilikuwa na mti. Anko akamshukuru, akapanda, akawasha. Tarus naye akapanda nyuma.

"Mzee, unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Naenda na kibao changu."

"Kibao tutakurudishia tukipita."

"Huo mti hauko tena hapa Kaptagat," akasema. "Nyinyi hamjui mmekalia nini."

Kaptagat mpaka Eldoret

Kwa hivyo tuliingia Eldoret tukiwa tumebeba mlinzi wa kipande cha mti. Kila mahali Anko akipunguza mwendo, Tarus anagonga bodi, anashuka, anaangalia kibao, anakipapasa, anapanda tena. Hata mara moja hakuuliza kama sisi tuko sawa. Mgongo wangu ulikuwa unahesabu kila jiwe. Nikamwambia Anko hivi ndivyo Kogo angesikia, na yeye akasema, "Ndio maana tunatengeneza, Chero. Wewe unaharakisha maisha." Mimi ndio naharakisha maisha. Tulikuwa tunapitwa na punda.

Kwa gereji Tarus alisimama mpaka jeki ikainuliwa na kibao kikatoka. Akakifuta na shati, akaangalia kama kimepata ufa, akaenda stage ya matatu na kibao kwapani bila hata kusema kwaheri.

Kwa gereji

Fundi wetu anaitwa Mbugua. Ni mtu ananyoosha kidole kwa kila gari barabarani akikuambia hiyo ni yeye alitengeneza. Ikipita ambulensi, ni yeye. Basi ya shule, ni yeye. Aliingia chini ya pikapu yetu akatoka akitingisha kichwa kama daktari wa kutoa habari mbaya.

"Hii gari mlikuwa mnaiendesha ama mlikuwa mnaiburuta?"

"Itachukua muda gani?" nikauliza.

"Nusu saa."

Kijana au mzee, msiwahi kuamini nusu saa ya fundi. Hiyo nusu saa ilitulaza Eldoret kwa binamu ya Anko, tukaamka, tukarudi, ikaendelea. Bolti zilikuwa zimeshikana na kutu mpaka zikawa chuma moja. Ziligongwa, zikapakwa mafuta, zikachomwa moto, zikatukanwa. Mchana tunakula ugali na matumbo kwa mama wa kibanda hapo nje, Mbugua anatuambia na mdomo umejaa vile alitengenezea mtu fulani mkubwa gari, jina hawezi taja.

Siku ya pili wakanituma mimi nitafute bushi. Nikapewa ile ya zamani kama sampuli, raba imelika mpaka inafanana na sikio ya mbwa ya vita. Duka la kwanza, mwenye duka akaniangalia mimi, akaangalia bushi, akauliza, "Umetumwa?"

"Hapana, nakula hizi," nikamwambia.

Duka la pili wakasema hiyo gari ilikufa. La tatu wakanipa ya gari ingine, wakasema inaingiana. Nikauliza inaingianaje na ni kubwa. Akasema, "Ikipigwa nyundo inaingiana." Nilizunguka mpaka miguu ikawaka, na nyinyi mnanijua, mimi ni mtu wa kukasirika mapema. Mwishowe mama mmoja mwenye duka dogo kama kabati akaingiza mkono chini ya meza bila kuangalia, akazitoa, zote, na vumbi yake. Nikarudi mbio nikidhani nimeokoa safari.

Kumbe nimekosekana wakati mbaya. Nilipata gari imesimama na nyuma iko juu, mkia umeinuka kama mbuzi anakunywa maji mtoni. Shoku mpya, sawa. Lakini chini hapo springi zilikuwa na majani manene, meusi, mengine hata ni marefu, yamekatwa na moto mwisho ndio yaingie.

"Hii ni nini?"

Mbugua akatabasamu. "Hiyo ni ya lori. Hutawahi nisahau."

"Lori? Tunabeba mgonjwa!"

Mbugua akageukia Anko. Anko akageukia ukuta.

Mambo yalienda hivi. Fundi alikuwa ameuliza swali moja, lile kila fundi wa springi huku huuliza: "Mzee, hii inabebanga nini?" Na Anko wangu, mbele ya wanaume wengine wenye pikapu zao, hakuweza kufungua mdomo aseme inabeba mama mzee mwenye nyonga mbovu. Akasema viazi. Akaulizwa magunia mangapi. Akataja nambari yenye hata lori ingelia. Mbele yake kulikuwa na mtu amesema yake inabeba kumi na mbili, sasa Anko angesema nini? Huku kwetu mwanaume akiulizwa gari yake inabeba nini ni kama ameulizwa yeye ni nani. Hata ile haina injini, kazi ni kufugia kuku, mwenyewe atakuambia inabeba gunia ishirini.

"Rudisha zile za zamani," nikasema.

"Zile zimeshaenda kwa mtu wa vyuma vikuukuu," Mbugua akasema.

"Gari imekuwa na nguvu, Chero," Anko akasema. "Nguvu si kitu mbaya."

Eldoret mpaka Kesses

Sina mengi ya kusema hapa kwa sababu sikuwa kwa kiti muda mwingi. Nilikuwa hewani. Springi ya lori bila mzigo ni kama kukalia ubao: gari ikipata kokoto inaruka, na wewe unabaki juu, halafu mnakutana ukishuka. Nilijigonga kichwa kwa paa mpaka nikajua kila msumari uko wapi. Anko alikuwa anashika usukani kama anashika fahali, bado anasema inakaa vizuri barabarani. Barabarani! Tairi za nyuma zilikuwa zinatembelea barabara, hazikai.

Karibu na Kesses, kule kwa ploti za wanafunzi wa chuo, kulikuwa na matuta. Vijana wameketi nje wanakula chapati. Tukapita la kwanza, wakasimama. Tukapita la pili, wakapiga makofi. Mmoja akapiga kelele, "Buda, rudia hiyo!" Na mimi niko ndani na kichwa kwa paa, nimevaa nguo ya kanisa ya kuchukulia Kogo.

Nilikuwa nafikiria kitu moja tu. Kogo ameketi hapa, mahali nimeketi mimi. Hawezi fika hata Cheptiret, pale lami inaanzia. Atalia, Senge atasikia, na ile nyumba yetu itafungwa.

Kwa Senge

Senge Rael alikuwa mwalimu mpaka akastaafu, na bado anaangalia kila mtu kama hajamaliza homuwaki. Alitungoja kwa geti. Aliangalia ile nyuma ya gari iko juu, hakusalimia, akaingia nyumbani, akatoka na kikombe cha chai imejaa mpaka juu, kwa sosa. Akakiweka kwa kiti cha abiria.

"Kibet, enda mpaka barabarani urudi. Ikimwagika, mama haendi."

"Rael, sasa chai na mama ni kitu kimoja?"

"Chai haina mfupa umevunjika. Enda."

Akaenda. Hakufika hata kwa mti wa parachichi. Alirudi suruali imelowa, kikombe kiko chini ya pedeli, sosa sijui. Kogo alikuwa ameketi verandani na fimbo zake mbili, mkoba wake magotini, kitambaa kichwani, amejiandaa tangu asubuhi ya siku yenye tulikuwa tumesema tutafika. Alianza kufungua kitambaa polepole.

"Kikombe ilijaa sana!" Anko akasema. "Rudia, weka nusu."

Wakati wanabishana hiyo nusu, wakaingia akina mama wa kanisa ya Senge. Wote wamefunga vitambaa vya zambarau, mbele yao Mama Faith, mwanamke mkubwa, sauti kubwa, mkoba mkubwa. Wamekuja kumsindikiza Kogo. Na mnajua kusindikiza kwetu. Mgeni haachwi kwa mlango, ni dharau. Unampeleka mpaka geti, ukifika geti unaona aibu kurudi, unampeleka mpaka barabarani, huko mnaanza hadithi ingine, na yeye anaona aibu, anakurudisha kidogo. Watu wamefika sokoni hivyo. Basi wale mama waliona injini inanguruma, wakadhani safari imeanza na Kogo yuko ndani. Hawakuuliza. Walipanda nyuma wote, mmoja anasukumwa na mwingine, wakaanza pambio.

Senge alikuwa ameshajaza kikombe tena, mpaka juu, yeye si mtu wa nusu. Anko kwa hasira akaondoa gari na wao ndani.

Alienda, akapotea nyuma ya ua, akarudi. Senge akafungua mlango. Chai ilikuwa kikombeni. Hata sosa ilikuwa kavu. Aliiangalia hiyo chai kama imemsaliti.

"Mmeona!" Anko akasema. "Ni dereva."

Si dereva. Niliinama chini ya bodi nikaona yale majani ya lori yamepinda kidogo, yamelegea, yanapumua. Yalikuwa yanataka mzigo ndio yalainike. Nikasimama nikawaambia hakuna mtu ashuke.

Anko alitaka tuweke mawe. Senge akasema mawe yakiteleza yatamjia mama mgongoni. Na Mama Faith huko juu akasikia akakasirika kabisa.

"Mnataka kubeba mawe na sisi tuko?"

"Mama, tunaenda Ainabkoi," nikamwambia.

"Sisi tunafika lami tu. Tutamsindikiza mpaka lami."

Kesses mpaka nyumbani

Tulimweka Kogo mbele, katikati, mito kila upande, mimi kando yake, mkono wangu nyuma ya mgongo wake. Na nawaambia ukweli, mpaka Cheptiret ilikuwa kama kukalia kitanda. Shida ilikuwa ni masikio. Hao mama wanajua pambio moja. Ina mistari miwili. Waliiimba tangu kwa geti bila kupumzika, na Mama Faith anapiga paa ya gari na ngumi, juu ya kichwa yangu, mahali tayari palikuwa pameumia.

Cheptiret wakashuka, wakatuombea kwa muda mrefu, wakatupungia mkono. Anko akaingia lami. Mahali pa kwanza penye lami imebonyea, gari ikaruka, na Kogo akashika goti langu akasema "Aiyaa!"

Nilipiga kelele Anko akasimama katikati ya barabara. Nikamwangalia Kogo. Amefunga macho. Nikafikiria ni hapo hapo, imeisha, tunarudi.

"Ni nyonga?"

"Ni woga," akasema. "Lakini ikiruka tena itakuwa nyonga."

Kwa hivyo nilishuka nikakimbia kurudi. Mimi, mwenye nilikuwa nimewachukia hao watu kwa roho yangu yote kutoka Kesses, nikasimama mbele ya Mama Faith nikihema.

"Mama, naomba mrudi kwa gari."

"Kwani mmesahau nini?"

"Tumesahau nyinyi."

Hakufanya haraka. Alipanga kitambaa. "Ulisema tunapiga kelele."

"Sikusema. Kama nilisema, nilisema kimoyomoyo."

"Uso wako ulisema." Akageukia wenzake. "Akina mama, tunasindikiza mpaka Burnt Forest!" Wakashangilia kama wameambiwa ni Nairobi.

Kabla ya Burnt Forest kulikuwa na polisi barabarani. Afande mmoja kijana akasimamisha, akazunguka gari, akaangalia hiyo zambarau yote.

"Hii ni basi?"

"Afande, hapana," Anko akasema. "Hao ni mzigo."

"Mzigo unaimba?"

Anko akaanza kueleza springi, viazi, fundi, chai, akachanganya yote, mpaka afande akafikiri tumebeba viazi za kuiba. Akafungua mlango wangu, ule mpira ukamrukia mkononi. Akamwona Kogo na mito yake.

"Kijana," Kogo akamwambia, "ukiwatoa hao, mimi naruka."

Afande akamwangalia, akaangalia nyuma, akafunga mlango na mpira vizuri kuliko vile nimewahi kuufunga mimi. "Endeni polepole. Na huko nyuma, muimbe ingine."

Hawakuimba ingine.

Burnt Forest walinunua mahindi ya kuchoma wakala wote, maganda wakatupa ndani ya bodi, na hakuna mtu alitaja kushuka tena. Kutoka huko mpaka kwetu ni murram, haina lami, na mvua ilikuwa imenyesha. Anko aliendesha, lazima niseme, vizuri. Hakuwasha redio. Mahali pabaya alikuwa anapiga kelele, "Egemeeni kulia!" na wale mama wote wanaegemea kulia kama gunia zenye akili. Kogo alikuwa ameshika mkono wangu na anataja kila boma tukipita: hapa kwa fulani, huyu alihama, huyu amejenga choo mpya. Alikuwa na haraka kuliko mimi.

Tulipofika nikawakataza kushuka pamoja, gari isije ikainuka ghafla na Kogo bado yuko ndani. Tulimtoa yeye kwanza. Akasimama na fimbo zake kwa majani yetu, ng'ombe zinamwangalia. Simu ya Senge ilikuwa inalia tangu kitambo. Nikaweka spika.

"Mama, umeumia?"

"Nimeumia."

Nikaangalia nyonga yake.

"Wapi?" Senge akauliza, na nyinyi mngesikia hiyo sauti, ilikuwa tayari inatafuta funguo za gari.

"Masikio," Kogo akasema, akanirudishia simu.

Geti

Sasa ni nani angepeleka wageni Kesses na giza inaingia? Walilala kwetu. Walilala kwa sakafu, kwa viti, kwa kitanda yangu. Walikunywa maziwa yote, wakamaliza unga, wakasema mboga yetu haina chumvi.

Asubuhi Anko akawasha gari kuwarudisha. Waliaga wakapanda. Na Kogo, mwenye kwa Senge alikuwa anatoka kitandani mpaka verandani na kurudi, huo ndio mwendo wake wote, akachukua fimbo zake mbili.

"Kogo, unaenda wapi?"

"Wageni wanaondoka."

"Daktari alisema..."

"Daktari alikuwa na wageni?"

Geti yetu iko mbali na ni mteremko, mnapajua. Nikachukua kiti cha plastiki nikamfuata nyuma, akichoka tu, nimwekee. Alienda. Fimbo, mguu, fimbo, mguu. Wale mama walipoona anakuja nyuma ya gari, wakaona aibu kubebwa huku mgonjwa anatembea, wakashuka wote wakatembea naye, polepole kama maandamano, na gari tupu inaruka mbele yao. Nilimwambia akae. Akasema anyamaziwe. Nikamwambia tena karibu na mti. Akaniuliza kama hicho kiti kinanisumbua.

Alifika geti. Akashika nguzo, akahema, akawaaga mmoja mmoja. Sasa ni Mama Faith akaona haiwezekani mama mzee atembee mpaka hapo na arudi pekee yake. Wakageuka. Wakamsindikiza kurudi mpaka mlangoni, kupanda mteremko, na pambio. Mlangoni Kogo akawaangalia, na mimi nikaona kwa uso wake ile aibu inaanza tena.

Anko alikuwa anapiga honi huko chini. Hakuna mtu alikuwa anamsikia. Kogo akageuza fimbo, wakageuka naye wote, kuelekea geti tena. Mimi nikaweka kiti hapo kwa majani nikakikalia.